"Nice": sifa iliyoanza kama tusi

Anayejifunza Kiingereza hukutana na "nice" mapema sana: chakula nice, gauni nice, safari nice. Kwa kuzoeleka huko, limezungukwa na maelezo mengi ya kuokoteza.

Dhana: Tangu mwanzo lilimaanisha "zuri".

Lilianza kama tusi. Chimbuko lake ni neno la Kilatini *nescius*, asiyejua: *ne* inakanusha, *scire* ni kujua. Kitenzi hicho cha kujua ndicho pia kilichozaa neno tulilolipokea sisi kupitia Kiingereza, "sayansi", kwa hiyo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Kwa Wafaransa wa kale "nice" alikuwa mpumbavu, na Waingereza wakalichukua kwa maana hiyo yapata mwaka 1300. Mshairi wa Kiingereza Chaucer alilitumia hivyo karne ya 14. Baadaye likahamia kwa mtu wa anasa, kisha kwa mwenye kuchaguachagua, kisha kwa jambo linalotaka umakini. Maana ya "kupendeza" ilishika mizizi karne ya 18.

Msomaji wa Shakespeare asipolijua hili hutegwa. Katika *Romeo and Juliet*, mtawa Laurence anasema barua yake "was not nice". Haisemi vibaya barua hiyo. Anamaanisha haikuwa ya jambo dogo, ilibeba ujumbe mzito.

Dhana: Limetokana na jiji la Nice, Ufaransa.

Hapana. Jiji hilo, linalotamkwa "nis", lilianzishwa na Wagiriki wakaliita Nikaia, jina linalohusiana na *nike*, ushindi. Herufi zimefanana, basi.

Dhana: Maana za kale zimekufa zote.

Moja ingali hai. Mwanasheria akitaja "a nice distinction" hasifii chochote. Anazungumzia tofauti nyembamba ambayo mtu asiye makini ataipita bila kuiona.

Dhana: Kwa kuwa asili yake ni ujinga, anayekuita nice anakutukana.

Hii hupendwa sana na wajuaji. Lakini neno humaanisha kile ambacho wasemaji wake wanakielewa leo, si kile walichokielewa mababu zao. "Silly" lilisafiri kinyume: zamani lilimhusu mwenye heri, sasa ni mpuuzi. Mwite mtu silly, kisha umweleze kuwa ulikusudia maana ya kale, uone kama atakushukuru.

Dhana: Kulitumia kwa maana ya "zuri" ni kosa la sarufi.

Si kosa. Lawama halali ni kwamba limechoshwa, na hiyo ni ya siku nyingi: katika riwaya ya *Northanger Abbey* ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, mhusika Henry Tilney anamtania mwenzake Catherine kwamba neno hilo linafaa kwa kila kitu. Mwalimu anayelipigia mstari mwekundu kwenye insha anatetea ladha tu, na hapo nipo upande wake. "The food was nice" haimwambii msomaji hata kama kilichopakuliwa kilikuwa pilau au wali wa nazi.