Utambulisho Wako Mtandaoni Hauandikwi na Wewe Peke Yako

Maelezo ya wasifu kwenye Instagram yana nafasi ya herufi 150. Ndani ya nafasi hiyo finyu mtu hutaja kazi, imani au timu anayoshabikia, na hapo ameshasema anataka kuhesabiwa na kina nani. Huo si unafiki. Hata ana kwa ana, hakuna anayezungumza na bosi wake kama anavyozungumza na mdogo wake.

Shida huanza watazamaji wote wanapokusanyika mahali pamoja. Chukua picha moja ya sherehe: rafiki anaona furaha, shangazi anaona utovu wa adabu, mwajiri anajiuliza kama siku ile hukuomba ruhusa ya ugonjwa. Picha ni ileile; kila mtazamaji anaisoma kwa uhusiano wake na wewe.

Ndiyo maana wengi hufungua akaunti ya pili kwa ajili ya marafiki wachache. Mara nyingi hufichuka haraka, na sababu ni ya kiufundi: imesajiliwa kwa namba ya simu ileile, kisha programu ikaruhusiwa kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu. Mtandao huunganisha taarifa hizo na kuipendekeza akaunti kwa watu walewale uliokuwa ukiwakwepa. Tumia barua pepe nyingine, kataa kupakia orodha ya majina, na uzime mipangilio inayoruhusu akaunti yako kupendekezwa kwa wengine. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia mfuasi kupiga picha ya skrini, hata kwa stetasi inayotoweka baada ya saa 24.

Kuna pia utambulisho ambao hujauandika kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walichapisha uchambuzi wa "laiki" za Facebook za watu zaidi ya 58,000 waliojitolea. Kwa laiki hizo tu, kompyuta iliweza kutofautisha mfuasi wa chama cha Democratic na wa chama cha Republican nchini Marekani katika asilimia 85 ya majaribio. Kwa maoni yetu hili ndilo linalostahili hofu zaidi, kwa sababu mtu hubonyeza laiki kwa sekunde moja bila kufikiri kwamba anajieleza.

Ukitaka kujua wengine wanakuonaje, toka kwenye akaunti, kisha tafuta jina lako kama mgeni. Facebook ina kitufe cha kubana posti za zamani ili zilizokuwa wazi kwa umma zionwe na marafiki tu. Fikiri kabla ya kukibonyeza: ukitaka kuzirudisha, utabadilisha posti mojamoja. Washa pia ukaguzi wa posti unazotagiwa, ili posti kama hiyo isikae kwenye ukurasa wako kabla hujaikubali. Kwenye ukurasa wa aliyeiweka itabaki. Hapo unaweza kuondoa tagi yako, lakini kuifuta posti yenyewe itabidi umwombe yeye.