Boila Haipasuki kwa Wingi wa Moto

Kila ikitajwa treni ya mvuke ya Bububu hapa Unguja, ile ya reli ya upana wa futi tatu iliyoanza mwaka 1905, hatokosa mtu wa kusema ikirudishwa itaua watu, maana makaa yakizidi boila, yaani tangi linalochemsha maji yawe mvuke, itapasuka. Nimechoka kulisikia. Presha ikizidi, valvu za usalama hufunguka zenyewe na mvuke hutoka kwa kelele. Hilo tulimalize hapo.

Kinachoua ni maji kupungua. Bamba la juu la tanuri, chumba cha moto kilicho ndani ya boila, lina moto chini yake, na juu lazima lifunikwe na maji muda wote. Likikauka chuma hulainika, na presha ya kawaida kabisa hulipasua. Kwa hiyo bamba hutiwa plagi yenye risasi, ile metali laini inayoyeyuka upesi. Risasi ikiyeyuka, mvuke huingia tanurini na dereva hujua mambo yameharibika.

Sasa kioo cha maji, ile tyubu ya kumwonyesha dereva kimo cha maji ndani ya boila, ambacho watu hukiamini kupita kiasi. Chukua reli nyembamba ya Darjeeling, India, ya milimita 610. Kutoka bondeni hupanda mpaka Ghum, mita 2,258 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kuelekea mjini. Gari ikipanda huku bomba la moshi likiwa mbele, maji hurudi nyuma juu ya tanuri na kioo huonyesha mengi. Ikishavuka kilele, maji hukimbilia mbele na bamba hukaribia kuwa kavu. Dereva anayejua hufungua injekta, kifaa cha kuingizia maji kwenye boila, kabla ya kilele. Injekta ikipata moto hukataa kuvuta: imwagie maji ya baridi, ujaribu tena, au utumie ya pili. Zote zikigoma, toa moto.

Kioo nacho kipimwe. Fungua koki ya chini ya kioo, maji yatoke, funga. Yakirudi polepole, njia imeziba. Na hapa Unguja ingeziba upesi, maana maji ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe na huacha chokaa, kama tuonavyo ndani ya birika. Gamba hilo likikaa juu ya bamba, chuma huungua na maji yapo. Boila ioshwe, maji yatiwe dawa. Kila baada ya siku ngapi? Maji yenyewe ndiyo huamua, na jadweli za vitabuni siziamini.

Maji yakitoa povu, kioo husema uongo, na hata fundi mkongwe hukisia tu. Kioo kikiwa kitupu kabisa, vitabu hukataza kuingiza maji ya baridi juu ya bamba lililoungua. Nina shaka kama maji hayo pekee hutosha kuipasua boila, lakini bado ningetoa moto kwanza.