Pesa ya logbook si yote ya serikali

Ada ya duka ni pesa yoyote ambayo muuza pikipiki anakutoza juu ya bei iliyobandikwa, kisha inabaki kwake. Ada ya serikali ni ile anayoipokea kwako akaipeleka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani hapa Kenya. Ya duka hupatanwa. Ya serikali haipatanwi. Watu wangezitenganisha hivyo, nisingejisumbua kuandika.

Lakini kuanzia Kondele kule Kisumu hadi Kanduyi kule Bungoma, zote mbili zinaitwa kwa jina moja tu: pesa ya logbook, yaani ya hati ya umiliki wa pikipiki. Kijana anavutana na muuzaji juu ya bei ya pikipiki ya Boxer asubuhi nzima, anapunguziwa elfu tatu, anatoka kifua mbele. Akifika dirishani kwa karani anapewa karatasi nyingine: usajili, bima, maandalizi, traka (kifaa cha kuonyesha pikipiki iko wapi), huduma ya ofisi. Akiuliza anajibiwa kwa upole, "Hapo bosi sina uwezo, hiyo ni ya serikali." Analipa. Elfu tatu zake zimerudi zilikotoka, na zimevuta wenzake.

Sina ugomvi na ada zenyewe. Duka lina kodi ya nyumba, lina fundi na askari wa usiku wa kulipa. Ninachogombana nacho ni hili neno "lazima". Watu wakisikia kitu ni lazima kisheria, wanadhani na bei yake imewekwa na sheria. Hayo ni mambo mawili.

Chukua bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka pikipiki inayotembea barabarani iwe na bima ya mtu wa tatu, ile ya kumlipa mwingine ukimwumiza, angalau. Hilo halina mjadala. Ila hakuna mahali sheria imesema uinunue kwenye dirisha lile, kwa kampuni ile, kwa bei ile. Nenda kwa wakala mwingine uulize, urudi na karatasi yako. Helmeti na jaketi ya kuakisi ni vivyo hivyo: Sheria ya Trafiki inataka uvivae, haikutuma mtu akuuzie. Vitu hivyo hata havifai kuwa kwenye orodha ya malipo. Viombe kama nyongeza ya bure, kimoja chako na kimoja cha abiria, na maduka mengi hutoa ukisisitiza kabla pesa haijatoka mfukoni. Ukishalipa, hakuna wa kukusikiliza.

Usajili ndio mgumu zaidi kutenganisha, kwa sababu ndani yake kuna pesa za pande zote mbili. Ada ya NTSA ipo, ina kiwango chake, na inalipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa nambari ya malipo ya simu (paybill) 222222. Karani kuketi kwenye kompyuta akajaza PIN yako ya KRA, ile ya kodi, na nambari ya chesisi, hiyo ni kazi ya duka, na malipo yake ni ya duka. Karatasini utakuta mstari mmoja tu, "Usajili", na jumla moja. Mwambie, "Dada, niandikie ya NTSA peke yake, na yenu peke yake." Si ukali huo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu kile anachonunua, na swali lako ni hilo hilo.

Maandalizi nayo, kwa maoni yangu, ni ada ya kuombwa ifutwe yote. Fundi akifunga usukani na gurudumu la mbele, akaunganisha betri na kutia oili, amefanya kazi, sawa. Lakini nani alikuja dukani kununua pikipiki isiyofungwa?

Kwa wanaochukua kwa mkopo, na ndio wengi kwenye steji za bodaboda, kuna traka. Hiyo inamlinda mkopeshaji, ambaye jina lake litakaa kwenye logbook pamoja na lako mpaka umalize. Anaweza kukataa kukukopesha bila traka, ni haki yake, ila asiiite ya serikali. Uliza pia kama ada hizi unazilipa sasa au zimetiwa ndani ya mkopo. Zikitiwa ndani zinazaa riba, na ile huduma ya ofisi ya elfu mbili utailipa kidogo kidogo kila jioni pamoja na pesa ya siku ya mkopo. Na uliza mapema nani atagharamia kuliondoa jina la mkopeshaji mkopo ukiisha, maana swali hilo watu hulikumbuka wakiwa tayari wamemaliza kulipa.

Kwa hivyo, ndugu yangu unayewaambia wenzako stejini kwamba umeilipa serikali elfu kumi na tano, itisha ile ankara ya eCitizen uisome. Kiasi kilichoandikwa pale ndicho ulichoilipa serikali. Kilichobaki si cha serikali, na wenzako wanaokwenda kununua mwezi ujao bado wana nafasi ya kukipatana.