Gharama ya basi haianzi dereva anapowasha injini

Nimeambiwa tena wiki hii, na safari hii nimeona nijibu kwa maandishi: "Abiria wamekosa treni ya kuunganisha? Waitieni basi. Kwani basi ni bei gani?" Kisha muulizaji anazidisha kilomita kwa bei ya dizeli, anaongeza ujira wa dereva, ananitolea tarakimu ndogo na kuuliza tunababaika na nini. Mimi napiga hesabu za ratiba na gharama za treni za masafa marefu. Tarakimu hiyo ni ya basi lililojaa, lililo tayari, linalokwenda na kurudi na watu. Basi la namna hiyo kwenye kazi hii ni nadra.

Nitumie mfano wa Marekani, kwa kuwa huko tatizo linaonekana waziwazi. Treni nyingi za masafa marefu za Amtrak, kampuni ya taifa ya treni za abiria, huanzia au kuishia Chicago, na anayetoka New York au Washington kwenda pwani ya magharibi hubadilisha hapo. Akiwa amekata safari nzima kwa tiketi moja, muunganisho wake una dhamana: akikosa treni ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, ni wajibu wa kampuni kumfikisha kwa njia nyingine au kumlaza. Reli nazo, ukiacha ukanda wa Kaskazini Mashariki, karibu zote ni mali ya kampuni za treni za mizigo. Sheria inaipa treni ya abiria kipaumbele tangu 1973, lakini Wizara ya Sheria imeipeleka kampuni ya mizigo mahakamani kwa kuvunja sheria hiyo mara mbili tu, 1979 na 2024. Kwa hiyo anayechelewesha treni mara nyingi siye anayelipa basi. Hilo lina uzito mkubwa kuliko bei ya dizeli, na sijamsikia muulizaji hata mmoja akiligusa.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, yaani imani kwamba basi litaifukuzia treni na kuikuta mbele.

Treni iitwayo California Zephyr inakwenda kutoka Chicago hadi Emeryville, karibu na San Francisco, kilomita 3,924, kwa zaidi ya saa 50. Ukigawanya unapata wastani wa kama kilomita 75 kwa saa. Mtu anaona basi linakwenda 90, anasema tofauti ni 15, kwa hiyo treni iliyotangulia saa mbili, sawa na kilomita 150, itakutwa baada ya saa 10. Karatasini yuko sahihi. Lakini wastani ule umeshushwa na milima iliyo ng'ambo ya Denver. Kipande cha kwanza, Chicago hadi Denver, ni tambarare: kama kilomita 1,670 kwa takribani saa 18. Huo ni mwendo wa 90 na kitu, mwendo uleule wa basi! Basi lililoachwa saa mbili Chicago bado litakuwa nyuma saa mbili likifika Denver, tena hapo hujahesabu kusimama kwa chakula na choo, wala foleni ya kutoka mjini.

Na dereva hafiki Denver peke yake. Sheria ya shirikisho inamzuia dereva wa basi la abiria kuendesha zaidi ya saa 10 kabla ya kupumzika saa 8 mfululizo, na haruhusiwi kuendesha akishatimiza saa 15 kazini. Kusubiri kutumwa nako ni kazi. Dereva aliyeitwa saa 4 asubuhi kungoja treni ya saa 6 mchana, treni ikaingia saa 11 jioni, ameshakula saa 7 kati ya zile 15 kabla hajatoka stesheni. Kwa hiyo inabidi awepo dereva wa pili, aliyetangulizwa njiani na kulipiwa malazi. Basi likishafika, linarudi tupu. Huwezi kulijaza, kwani hakuna aliyepanga kusafiri nalo.

Ndiyo maana basi linafaa kwa anayeshuka saa nne au tano mbele. Huyo mpeni basi, na mapema. Wa kwenda mbali, kwenye treni inayotoka kila siku, mara nyingi ni nafuu kumlaza hotelini na kumpandisha kesho, kama kesho kuna nafasi. Kwa treni kama Cardinal na Sunset Limited, zinazotoka siku tatu tu kwa wiki, hesabu hiyo inavunjika kabisa.

Kuhusu viti sitachukua muda. Basi la viti 56 linakodiwa zima, wawe abiria watatu au hamsini, na abiria wa 57 anakodisha basi la pili. Aliyelipia behewa la kulala hajapewa alichonunua, kwa hiyo kuna pesa ya kumrudishia. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji basi lenye lifti.

Zaidi ya hayo, ucheleweshaji hauji mmojammoja. Dhoruba ya theluji ikipiga, treni tatu zinachelewa pamoja, kila mwenye basi ameshakodiwa, na barabara nazo zimefungwa. Wastani wa mwaka unaficha siku hiyo. Ukitaka basi la uhakika siku hiyo, utalilipia limeegeshwa siku zote nyingine. Hiyo ndiyo bei ya dhamana: kulipia utayari usioutumia.

Muulizaji huongeza: "Kama ni hivyo, izuieni treni ya pili iwasubiri." Wakati mwingine ndiyo, na ningependa ifanywe zaidi kwa dakika 20 au 30. Lakini kwenye reli ya njia moja, treni iliyopoteza nafasi yake inasubiri mizigo ipite kwenye kila njia ya kupishania, na nusu saa ya Chicago inaweza kufika mbele ikiwa saa mbili, ikakosesha wengine miunganisho yao.

Nisichoweza kukihesabu kwa uaminifu ni upande wa pili: abiria wangapi wanakata tiketi kwa sababu tu dhamana ipo, na wangapi hawarudi tena baada ya kulala kwenye benchi la stesheni. Nimejaribu kwa mauzo, nimejaribu kwa maswali kwa abiria, na majibu mawili hayo hayakukubaliana. Inawezekana kabisa dhamana inajilipa yenyewe mara mbili. Inawezekana pia haijilipi. Kwenye jedwali langu safu hiyo naijaza kwa makisio, na kando yake naandika neno hilohilo, "makisio", ili anayepitisha bajeti asidhani nimeipima.