Mkitaka kuchangia waathirika wa mafuriko, pigeni simu kwanza muulize kinachohitajika

Nafundisha ugavi chuoni, na kila mafuriko yakitokea simu zinaanza, "mwalimu tuchange nini?" Naomba nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kuna mwaka, siku chache baada ya mafuriko, nilifika kwenye shule ya msingi ambapo darasa lilikuwa limegeuzwa stoo, madawati yako nje, ndani mitumba imejaa mpaka usawa wa ubao, masweta mazito, viatu vya mguu mmoja mmoja, na dada mtunza stoo amekaa chini na daftari la mistari anaandika "nguo, mifuko, haijachambuliwa" ukurasa mzima. Nje lori la maturubai na dawa za kutibu maji limepaki tangu asubuhi mana hakuna pa kushusha. Watu wamelala chini ya miembe pale pale, turubai wanaliona kwenye lori.

Hii haitokei kwetu tu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kule Aceh, Indonesia, zilifika tani kama 4,000 za dawa za msaada, nyingi hakuna aliyeziomba, zingine lebo zake wahudumu wa pale hawawezi kuzisoma, mwisho zikageuka mzigo wa kuteketeza na kuteketeza kwenyewe ni hela. Tsunami ile ndo iliyowaamsha watafiti wengi wa ugavi wa misaada, yaani namna msaada unavyonunuliwa na kufikishwa kwa waathirika. Makadirio yanayotajwa sana kwenye fani ni kwamba kununua, kusafirisha, kutunza na kugawa kunakula asilimia 60 mpaka 80 ya gharama za msaada, kwahiyo ukikosea hapo umekosea karibu kila kitu. Mwaka 2011 fani ikapata hata jarida lake la kitaaluma.

Mwanzoni tafiti zilikuwa za mahesabu zaidi, ghala likae wapi, lori lipite njia gani, ndo mambo ya kuweka akiba mapema kwenye maghala kama lile la Umoja wa Mataifa la Brindisi, Italia. Siku hizi swali limesogea, wanauliza hivi huu mzigo una haja ya kusafiri kweli? Kama maduka yapo na yana unga, si umpe mtu hela akanunue mwenyewe anachokula? Kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, WFP (Shirika la Mpango wa Chakula Duniani) walianza mpango wa Bamba Chakula 2015, sehemu ya mgao ikawa inaingia kwenye simu, mkimbizi anaenda kwa muuza duka aliyesajiliwa palepale kambini, na kazi ya kuutafuta unga na kuufikisha ikawa ya muuza duka. Mimi naiunga mkono sana hii kwasababu inamrudishia mtu heshima ya kuchagua. Ila watafiti walipofuatilia jirani pale Kalobeyei, makazi mengine ya wakimbizi, wakakuta kaya nyingi zina madeni kwa wenye maduka, yaani hela ikiingia inaishia kulipa unga ulioshaliwa.

Na hela haiwezi kufanya kazi kama barabara imekatika. Machi 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, mji ulibaki kama kisiwa, chakula kikaenda kwa helikopta na boti, na kila kilo inayopanda helikopta ni gharama kubwa mno. Inauma zaidi ukikumbuka kimbunga kilitabiriwa siku kadhaa kabla. Ndo mana eneo linalokua kwa kasi sasa ni hatua za mapema, mnakubaliana kabisa utabiri ukifika kiwango fulani hela inatoka bila kikao kingine. Bangladesh Julai 2020 walifanya hivyo, familia za kando ya mto Jamuna zikapewa hela kabla maji hayajafika kileleni, mtu anahamisha ng'ombe wake na anabaki na akiba ya chakula.

Kwahiyo jibu langu kwa wanaouliza ni hili: pigeni simu kwa kamati ya maafa ya pale, ulizeni wana nini na wanakosa nini, kama soko liko wazi changeni hela, kama ni nguo basi ziwe zimeombwa na mzichambue huku huku kabla hazijapanda gari.

Nawaomba na watunza stoo, msitupe madaftari yenu. Modeli nyingi tunazosoma, yaani yale mahesabu ya kupanga ghala na njia, zimejengwa kwa takwimu za mashirika makubwa, kipande cha mwisho, kutoka makao ya wilaya mpaka kijijini, bodaboda au mtumbwi ulichukua masaa mangapi, nini kilirudi bila kugawiwa, hicho kimeandikwa kwa peni kwenye daftari kama la yule dada. Wanafunzi wangu wakija kuomba kupiga picha kurasa zake, wapokeeni.