CBRS ni nini, na kwa nini mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali hukwama humo

Nchini Marekani, CBRS (Coastal Barrier Resources System) ni mfumo wa maeneo ya pwani, hasa visiwa vyembamba vya mchanga vinavyoikinga bara na dhoruba, ambayo Bunge liliamua yasitumiwe fedha za serikali kuu kuyaendeleza. Sheria yake ni ya mwaka 1982, ikapanuliwa 1990. Wengi hudhani inakataza kujenga. Haikatazi: jenga ukipenda, ila hasara ni yako.

Dhamana ya mkopo nayo huhesabiwa kuwa msaada wa serikali, maana mkopaji akishindwa kulipa, serikali humfidia mkopeshaji. Kwa hiyo mikopo inayodhaminiwa na FHA (shirika la serikali la mikopo ya nyumba), ya VA (idara ya maveterani) kwa waliotumikia jeshi na ya USDA (wizara ya kilimo) kwa maeneo ya vijijini haitolewi kwa nyumba iliyo ndani ya mfumo. Rekodi safi ya ulipaji madeni haisaidii kitu; kinachokataliwa ni kiwanja, si mtu.

Yapo pia maeneo ya OPA (Otherwise Protected Areas, yaani yaliyolindwa kwa njia nyingine), mengi yakiwa hifadhi na mbuga, ambayo msimbo wake kwenye ramani huishia na herufi P. Humo kilichozuiwa ni bima ya mafuriko ya serikali peke yake. Hata hivyo, nyumba ikiwa kwenye ukanda wa mafuriko makubwa, mkopeshaji atadai bima, na usipoipata kwa kampuni binafsi mkopo umekufa.

Kosa linalogharimu watu ni kuchanganya bima na dhamana. Katika maeneo ya mwanzo ya mfumo, nyumba iliyojengwa kabla ya 1 Oktoba 1983 yaweza kukatiwa bima ya serikali, na hupoteza haki hiyo ikiharibika kiasi kwamba ukarabati unafikia nusu ya thamani yake. Muuzaji akikuonyesha bima hiyo, usidhani mlango wa FHA uko wazi. Ukongwe wa nyumba haubadilishi mahali ilipo.

Angalia ramani ya mtandaoni ya Idara ya Samaki na Wanyamapori kabla ya kulipa arubuni, usingoje mthamini. Weka alama juu ya jengo lenyewe, kwa sababu anwani ya posta huweza kuangukia barabarani, kisha chapa hati ya uthibitisho. Mpaka ukipita karibu sana na nyumba, omba idara itoe uamuzi rasmi. Huko North Topsail Beach, North Carolina, mpaka umeukata mji: sehemu imo, sehemu haimo.

Nyumba ikiwa ndani, linalobaki ni mkopo wa kawaida wa benki. Sheria yenyewe haizuii Fannie Mae wala Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, kununua mikopo ya aina hiyo. Ila pata kwanza bei ya bima binafsi ya mafuriko kwa maandishi na uijumlishe kwenye malipo ya kila mwezi. Mara nyingi hesabu huharibikia hapo, si kwenye riba.