Koili, Utambi na Kimiminika: Maswali Kuhusu Sigara za Kielektroniki

Swali: Wauzaji katika vibanda vya eksibisheni hapa katikati ya Nairobi husema koili ya wavu ni bora kuliko ya waya, na ya kauri inazishinda zote. Je, ipo iliyo salama?

Jibu: Koili ni kipande cha ndani ya kifaa kinachopashwa joto kwa umeme ili kugeuza kimiminika kuwa mvuke, na utambi ndio unaofyonza kimiminika hicho na kukifikisha kwenye koili. Muuzaji anaposema "bora" huwa anazungumzia ladha na wingi wa mvuke, mapafu hayamo katika hesabu yake. Koili nyingi za waya hutengenezwa kwa kanthal, ambayo ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, au kwa nikromu, yaani nikeli na kromiamu. Wavu husambaza joto kwa usawa zaidi, hivyo utambi hauungui upesi upande mmoja, lakini metali zenyewe hazibadiliki. Katika koili ya kauri, kauri yenye vinyweleo ndiyo inayofyonza kimiminika badala ya pamba, ila kinachoipasha joto bado ni metali. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima vifaa vya watumiaji 56, na katika mvuke wakakuta risasi, kromiamu, nikeli na manganizi, ilhali kimiminika kilichokuwa bado kwenye chupa za kujazia, kabla hakijagusana na koili, kilikuwa na kiasi kidogo mno cha metali hizo. Kwa hiyo swali la maana si koili ya aina gani, bali imetumika kwa muda gani na kwa joto kiasi gani.

Swali: Namba za omu zilizoandikwa kwenye koili zina uhusiano gani na afya?

Jibu: Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; omu ikipungua, nguvu ya umeme huongezeka. Kwenye kifaa kisicho na kidhibiti cha umeme, betri ya volti 3.7 ikiunganishwa na koili ya omu 1 hutoa takriban wati 14. Koili ya omu 0.5 hutoa takriban wati 27. Wati zaidi humaanisha kimiminika kingi zaidi kinachogeuka mvuke kwa kila pumzi, na utambi unaokauka haraka zaidi.

Swali: Na kimiminika chenyewe? Kwenye chupa nimeona maandishi ya asilimia 50 kwa 50, na nyingine 70 kwa 30.

Jibu: Huo ni uwiano wa gliserini na propilini glaikoli, pale namba zinapotofautiana, kwa kawaida ile kubwa ni ya gliserini, lakini soma lebo. Propilini glaikoli ni nyepesi, huchemka kwenye nyuzijoto 188 za Selsiasi, na ndiyo inayobeba ladha na kukwaruza koo. Gliserini ni nzito, huchemka kwenye nyuzijoto 290, na ndiyo inayotoa wingu kubwa. Zote mbili hutumika katika vyakula na vipodozi, na wauzaji hupenda kulitaja hilo, ingawa kitu kufaa kuliwa si ushahidi kwamba kinafaa kuvutwa mapafuni.

Tatizo hutokea joto linapozidi. Vimiminika hivi huvunjika na kutoa fomaldehaidi, ambayo husababisha saratani, pamoja na akrolini, ambayo huwasha njia ya hewa na hutokana hasa na gliserini. Hali huwa mbaya zaidi utambi unapokauka, kama koroboi iliyoishiwa mafuta inavyoanza kuunguza utambi wake. Kimiminika chenye gliserini nyingi hupenya polepole kwenye utambi, na zaidi wakati wa baridi kama yetu ya Julai, kwa sababu gliserini huzidi kuwa nzito. Mtumiaji akisikia ladha kali ya kuungua, tayari amevuta kemikali hizo.

Swali: Lakini si ni mvuke wa maji tu?

Jibu: Hapana. Ni kweli kwamba, kwa kuwa hakuna tumbaku inayoungua, sumu nyingi zilizomo katika moshi wa sigara hazipo au ni kidogo zaidi. Hilo linaweza kuwa na maana kwa mvutaji anayeacha sigara kabisa. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote, halina maana yoyote.

Swali: Mwanangu wa kidato cha tatu nimemkuta na kifaa kidogo chenye harufu ya embe. Niangalie nini?

Jibu: Mzazi, anza na nikotini. Vifaa vingi vidogo hutumia chumvi ya nikotini, ambayo hupatikana kwa kuongeza asidi, mara nyingi ya benzoiki, ili ukali upungue kooni. Kwa njia hiyo, dozi ambayo ingemkohoza anayeanza huingia kwa ulaini. Kifaa cha mililita 2 chenye asilimia 5 kina takriban miligramu 100 za nikotini, ilhali mwili hupata takriban miligramu 1 hadi 2 kutoka katika sigara moja. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita.

Ubongo huendelea kukua hadi karibu miaka 25, hivyo uraibu hushika mapema. Akiwa na hasira, kukosa usingizi au kushindwa kutulia darasani asipokitumia, usimchukulie kama mkaidi; hizo ni dalili za uraibu, naye anahitaji mshauri. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192. Kifaa chenyewe kiweke mbali na watoto wadogo, kwa maana nikotini ya majimaji ni sumu ikimezwa, na hupenya hata kwenye ngozi.